Kocha, joto la Dar linanirudisha nyuma na kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon ni Februari, nijitoe?

Shikamoo kocha,

Naomba unisaidie maana nimechoka kuuliza watu, kila mtu ana lake. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, nakaa Tabata, kazi yangu ni uhasibu kwa hiyo kutwa nzima niko kwenye kiti na jioni niko kwenye daladala. Mwezi wa sita rafiki yangu alinivuta kwenye jogingi ya mtaani ya Jumamosi, zile za kuimba na kupiga makofi barabarani, nilienda kwa ajili ya kupunguza mwili tu lakini nikajikuta nimezipenda mbio zenyewe, nikaanza kukimbia na siku za katikati ya wiki peke yangu. Basi ofisini wakaja na wazo la kwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari, wenzangu karibu wote wakachukua kilomita 5, mimi kwa ile furaha niliyokuwa nayo nikajiandikisha 21.

Sasa shida ndo hii. Mwezi wa nane nilikuwa nakimbia kilomita 7 kwa dakika 50 na nikimaliza niko vizuri tu naenda kupika chai. Sasa hivi Novemba hiyo hiyo njia hiyo hiyo inanichukua karibu saa nzima, nahema, moyo unadunda mpaka masikioni, nikifika nyumbani nakaa chini dakika kumi siongei na mtu. Ile apu ya simu kila wiki inanionyesha nimeshuka. Kwenye grupu la ofisi tunarusha matokeo, kuna kaka mmoja akaniambia wazi kwamba mwili wangu sio wa mbio ndefu, kwamba mtu akifanya mazoezi miezi mitano badala ya kupanda anashuka basi ajue hiyo sio njia yake. Nimelia kocha, sikufichi.

Halafu mvua. Mtaa wetu ukinyesha unajaa maji huoni mtaro uko wapi na barabara iko wapi, kwa hiyo kuna wiki nakosa siku zote za katikati, Jumamosi najitahidi kufidia, kama nilikosa 5 na 5 basi naziunganisha na za Jumamosi ili wiki isipotee. Na ugoko wa kulia umeanza kuuma tangu katikati ya Oktoba. Duka la dawa walinipa diklofenaki, nikimeza kimoja kabla ya mbio ndefu sisikii kitu, lakini kesho yake maumivu yanarudi. Raba zangu ni za mtumba nilinunua soko la Karume, nzuri tu kwa macho.

Lingine ni Krismasi. Mume wangu ni Mchaga wa Kibosho, na unajua Desemba hakuna mjadala, tunapanda wote nyumbani mpaka baada ya mwaka mpya. Kule hakuna sehemu tambarare hata ya kuweka kiti, nikafikiria wiki mbili zote zinapotea, na mama mkwe sijui atanionaje nikitoka na taiti asubuhi. Na ule mlima wa Mweka ulioko kwenye njia ya mbio, kila aliyewahi kwenda anasema unaua. Maji nako, mmoja ananiambia ninywe lita nzima kabla, mwingine anasema ukinywa maji utapata kichomi.

Nihamie kilomita 5 na wenzangu au kuna tumaini? Kwa sasa, ukiacha hizo Jumamosi za kufidia, mbio yangu ndefu kuliko zote ni kilomita 9.

Mama wa Wawili, Tabata

* * *

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Naanza na ile diklofenaki kwa sababu ndo kitu pekee kwenye barua yako kilichonitisha, mengine yote yana dawa na wala hayana haraka. Hicho kidonge acha leo. Dawa za kundi hilo, na ibuprofeni imo, zinapunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizo hizo ndo zinasaidia damu ifike vizuri kwenye figo na zinalinda ukuta wa tumbo. Sasa fikiria mtu anayekimbia Dar mwezi huu, jasho limemtoka, maji yamepungua, damu imekimbilia kwenye misuli na kwenye ngozi, figo zake hapo tayari zinapata kidogo, halafu juu yake ameweka dawa inayozibana zaidi. Watu wameharibu figo kwa staili hiyo. Na hata kama figo zako zingekuwa za chuma, maumivu ya ugoko ni taarifa, ukiizima unaendelea kupiga mguu juu ya mfupa unaokuomba upumzike, ndo maana kesho yake yanarudi yale yale.

Fanya hivi ukimaliza kusoma. Kaa, pitisha kidole gumba taratibu kwenye ugoko kutoka chini ya goti mpaka karibu na kifundo, upande wa ndani. Kama uchungu umetandaa eneo refu, na kwenye mbio huwa unauma mwanzoni halafu unapungua ukishapata joto, basi hiyo mara nyingi ni kazi nyingi iliyokuja haraka kuliko mfupa na misuli yake ilivyoweza kuzoea, inatibika na utakwenda Moshi. Ila kama kuna sehemu moja ndogo ukiibonyeza unaruka, au panauma hata ukitembea kwenda dukani, au panakuamsha usiku, usikimbie tena hata hatua moja, nenda hospitali na umwambie daktari kabisa kwamba unafanya mbio, kwa sababu huo unaweza kuwa ufa mdogo kwenye mfupa na eksirei ya mwanzoni inaweza kutoka safi wakati ufa upo. Ukiambiwa eksirei haina kitu na bado panauma pale pale, rudi tena, usichukulie kama ruhusa ya kuendelea.

Tukichukulia ni lile la kwanza, pumzika kukimbia wiki nzima, tembea haraka, kama kuna baiskeli endesha, kama kuna mahali pa kuogelea ogelea. Halafu rudi kwa kuchanganya, dakika mbili mbio dakika moja kutembea, siku moja ndiyo siku moja hapana. Kila asubuhi simama kwenye ngazi, nyanyua visigino polepole na ushushe polepole mpaka vigimbi viwake moto. Na hizo raba zako zikague, sio kwa macho. Bonyeza lile povu la kisigino kwa kidole, kama ni gumu halirudi, au pembeni lina mikunjo mikunjo, au soli imelika upande mmoja, ujue povu limeshachoka kwa mtu wa kwanza aliyeivaa huko ilikotoka. Mtumba sio tatizo, Karume zinapatikana zenye povu zima kabisa ukitafuta kwa utulivu asubuhi mapema, chagua kwa kubonyeza na kukunja, rangi iwe ya mwisho.

Ila kilicholeta ugoko hasa mimi nakiona kwenye ile Jumamosi yako. Mazoezi hayana kiporo mdogo wangu. Ukikosa Jumanne na Alhamisi zimekwenda, ziache ziende, Jumamosi fanya ya Jumamosi tu. Mwili unajenga wakati wa kupumzika baada ya kazi ndogo ndogo zinazojirudia, ukikaa siku tano bila kitu halafu ukaurundikia 5 na 5 na 9 kwa mpigo, mfupa hauna namna ya kuipokea hiyo.

Sasa twende kwenye hilo lililokuliza. Hujashuka. Narudia, hujashuka, na huyo kaka wa ofisini hata kama ana nia njema analinganisha vitu viwili visivyolingana. Agosti Dar ni kipupwe, alfajiri joto linashuka mpaka karibu nyuzi 19, upepo upo, hewa kavu kavu. Novemba alfajiri ni nyuzi 23 kwenda juu na hewa imejaa unyevu, Januari ndo usiseme. Mwili unapokimbia unazalisha joto jingi sana na njia yake kubwa ya kulitoa ni jasho, lakini jasho linapoza pale linapokauka kwenye ngozi, likidondoka tu chini hujapozwa chochote, umepoteza maji bure. Kwenye unyevu wa Dar jasho halikauki. Kwa hiyo moyo unagawa damu sehemu mbili kwa wakati mmoja, nyingine iende kwenye misuli ikukimbize, nyingine iende kwenye ngozi ikupoze, ndo maana unadunda mpaka masikioni kwa spidi ambayo Agosti ulikuwa unaona ya kawaida. Na alfajiri watu wengi wanadhani ndo salama kabisa, kweli jua halipo, lakini ndo muda ambao unyevu uko juu zaidi, usishangae kutota kabla hata hujafika barabara kubwa.

Mfano mzuri tunao wa kwetu wenyewe. Alphonce Simbu Desemba 2024 alikimbia marathoni ya Valencia, kwenye baridi nzuri, kwa saa 2:04:38. Septemba 2025 akaenda mashindano ya dunia Tokyo, joto na unyevu wa kufa mtu, akamaliza kwa 2:09:48. Dakika tano nyuma! Ukimwangalia kwa jicho la ile apu yako utasema Simbu ameshuka, kumbe siku hiyo ndo alikuwa bingwa wa dunia, medali ya dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano yale, na alimpita Mjerumani Amanal Petros mstarini kwa tofauti ambayo jicho halioni ikabidi waangalie picha. Watu wote siku ile walikuwa wazito, aliyeshinda ni aliyetumia nguvu yake vizuri katika hali iliyokuwepo. Huyo ni mtu anayelipwa kukimbia, anaamka kukimbia, analala kwa ajili ya kukimbia, na joto limemla dakika tano. Wewe mama wa watoto wawili unayetoka kwenye daladala joto likikula dakika nane kwenye kilomita saba, unalia nini?

Kwa hiyo kuanzia sasa ile namba ya spidi ifiche kabisa kwenye simu, acha muda tu. Mbio zako pima kwa pumzi. Na kipimo unacho tayari, zile nyimbo za jogingi. Kama unaweza kuitikia wimbo mzima bila kukatika uko kwenye mwendo sahihi, kama unaitikia nusu halafu unahema umezidisha, tembea dakika moja urudi. Siku ya ubaridi mwendo huo huo wa kuitikia utakupeleka mbali, siku ya joto utakupeleka karibu, siku ya matope karibu zaidi, na zote ni mazoezi sawa sawa kwa moyo wako. Ukiwa peke yako ongea kwa sauti, watu wakikushangaa waache.

Kitu kingine kizuri ni kwamba mwili unazoea joto kwa haraka kuliko watu wanavyodhani, ukikimbia kwenye joto kwa upole kwa siku kama kumi mpaka kumi na nne zinazofuatana fuatana, maji kwenye damu yanaongezeka, jasho linaanza kutoka mapema, chumvi inayopotea inapungua, moyo unatulia. Na mtu aliyefanya mazoezi Januari ya Dar akienda Moshi ambako hewa ni kavu zaidi, ile asubuhi ya kuanza atajisikia mwepesi. Hiyo Dar unayoilaumu inakupa faida wenzako waliofanya mazoezi ndani ya jimu yenye kiyoyozi hawana. Ila usiwe sugu mpaka ukajiumiza. Ukiona kichwa kinauma, kizunguzungu, vipele vya baridi vinakutoka wakati kuna joto, unayumba au mwenzako anakuambia unaongea vitu havieleweki, simama, kivulini, maji kichwani, shingoni na kwapani, na kama mtu amechanganyikiwa huyo ni wa kupozwa hapo hapo kwa maji mengi huku gari inatafutwa, usisubiri apate nafuu mwenyewe.

Na ukichoka kwa namna isiyoeleweka, wiki nzima miguu mizito hata asubuhi ya baridi, nenda kapime malaria na wingi wa damu. Wakina mama wengi wanakimbia na damu pungufu kwa miezi wakidhani ni uvivu. Siku una homa hukimbii, hata kama ni homa ndogo.

Mvua nayo usiichukie yote. Manyunyu ni rafiki yako, toka ukimbie, mwili unapoa bure, vaa kofia yenye ukingo ili maji yasikuingie machoni, paka vaselini kwapani, mapajani na chini ya sidiria maana nguo ikilowa inachubua vibaya sana. Ukirudi toa zile soli za ndani za raba, jaza magazeti, weka kivulini penye upepo, jua kali linaharibu gundi na povu. Ila radi ikianza rudi nyumbani, na barabara ikishajaa maji usiingie, kwa sababu hizo hizo ulizosema, mtaro huuoni, na maji yenyewe ya Dar yamepita vyooni na gereji, ukikatwa na bati humo ndani ni shida nyingine. Siku hiyo panda ngazi ofisini jioni wenzako wakitoka, dakika ishirini, au fanya nyumbani, kuchuchumaa na kusimama, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka kamba kama ugoko umepona. Inatosha.

Kuhusu kukimbia peke yako alfajiri, hili hujaniuliza ila nalisema. Saa kumi na moja ni giza. Tafuta hata mmoja wa kwenye lile grupu la Jumamosi anayekaa jirani, au subiri kupambazuke, au kimbia jioni, na vile vya masikioni acha nyumbani.

Sasa Kibosho. Mdogo wangu, unaenda kulala wiki mbili jirani kabisa na njia ya mashindano halafu unaniambia wiki mbili zinapotea? Kuna watu wangelipa hela kuipata hiyo nafasi. Nusu marathoni inatoka Moshi mjini inapanda barabara ya Mweka, kama kilomita kumi za kupanda, halafu unageuka unarudi chini ulikotoka. Mji uko kama mita 830 kutoka usawa wa bahari na sehemu ya juu kabisa ya mbio ni kama 1,150. Piga hesabu, wewe ni mhasibu, mita mia tatu na kitu ndani ya kilomita kumi, kila mita mia moja unapanda tatu tu. Sio ukuta huo. Kinachowaua watu ni kwamba mlima hauishi, unapanda unapanda, na wao walitoka mjini na spidi ya kuonyeshana kwa sababu asubuhi kuna baridi na muziki na watu wanashangilia, wakifika katikati ya migomba miguu imeisha.

Kwa hiyo ukifika Kibosho, siku mbili tatu za mwanzo tembea tu, panda mpaka kanisani ushuke, hewa pale ni nyepesi kidogo kuliko pwani na utahema mapema, ni kawaida na haina hatari. Halafu anza kupanda kwa hatua fupi fupi, mwili umeinama kidogo kutokea kwenye vifundo usijikunje kiunoni, macho mita chache mbele, usitazame juu kilele kiko wapi. Kipimo ni kile kile cha wimbo. Ukishindwa kuitikia tembea, na mikono isaidie. Kutembea kilimani sio kushindwa, kuna mwinuko ambao anayetembea kwa nguvu anamkamata anayejikongoja kwa mbio na anafika hajachoka. Kaa kwenye lami mvua ikiwa imenyesha, ule udongo mwekundu ukilowa unateleza usipime.

Lakini kikubwa zaidi nataka ufanye mazoezi ya kushuka, na hili ndo watu wa Dar hawaliwazi kabisa. Wanaogopa kupanda, kumbe kushuka kilomita kumi ndo kunavunja mapaja. Ukishuka misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki, inavutwa huku imekaza, inachanika chanika kidogo kidogo, kesho yake kushuka kitandani ni mtihani. Uzuri wake ni kwamba mwili unajifunza haraka mno. Ukifanya mteremko mara moja ukaumwa siku mbili tatu, mara ya pili mteremko ule ule unauma kidogo sana, na ulinzi huo unakaa wiki kadhaa. Kwa hiyo kule nyumbani fanya mara mbili au tatu tu kwa zile wiki mbili, mwanzo dakika kumi za kushuka, hatua ndogo za haraka, goti limelegea kidogo, usitupe mguu mbali mbele ukapiga breki kwa kisigino. Ugoko ukilalamika acha, tembea. Siku moja kabla ya kurudi Dar mwambie mume akushushe na gari mpaka mjini asubuhi mapema, upande barabara ya Mweka yenyewe saa nzima, ugeuke ushuke. Februari ukiamka siku ya mbio ile barabara utakuwa unaijua, mgomba gani uko wapi, wapi inakaza, wapi inalegea.

Mama mkwe asikutishe. Mwache mume aliseme yeye mezani, mapema, kwamba mke wangu ana mashindano Februari na ni hapa hapa nyumbani, atakuwa anatoka asubuhi. Vaa traki na tisheti ndefu, taiti ibaki ndani, na ukirudi shika ufagio kabla ya kitu kingine. Tena chukua mashemeji wadogo ukimbie nao, hutakuwa peke yako na kijiji kitazoea. Kwenye chakula huko huna neno, ndizi ni chakula cha mkimbiaji kabisa. Mbege kidogo sikukuu sikukatazi, ila sio usiku wa kuamkia mazoezi.

Ukirudi Januari usiache vilima vikapotea. Kwako Tabata sio mbali na Kinyerezi, kule kuna mapanda na mashuka ya kutosha, mara moja kwa wiki.

Maji. Wote wawili waliokushauri wamekosea. Lita nzima kwa mpigo kabla ya mbio itakuletea msalani na tumbo la kucheza cheza, na kunywa bila kiu njia nzima kuna hatari yake, maji yanazidi kwenye damu, sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, inashuka, mtu anavimba, anatapika, anachanganyikiwa, wengine wamekufa. Boston Marathon ya 2002 walipima damu wakimbiaji 488 waliomaliza, asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa chini, na waliokuwa kwenye hatari zaidi ni wale waliotumia muda mrefu njiani na wakaongezeka uzito kwa kunywa. Watu wa mwendo wetu hao. Kwa upande mwingine, kujinyima maji kwenye joto la Dar kisa kichomi ni kujitesa. Kunywa glasi moja au moja na nusu saa mbili kabla, njiani kunywa mafunda machache kila unapopata kiu, ukimaliza kunywa na kula chakula chenye chumvi. Jumamosi moja jipime kwenye mizani kabla na baada, ukiona umeongezeka unakunywa kupita kiasi, ukiona umepungua zaidi ya kilo moja na nusu hivi, ongeza kidogo wiki ijayo. Madafu ni mazuri ila sodiamu yake ni ndogo, siku ya jasho jingi pakiti ya ORS iliyochanganywa sawa sawa na maelekezo ni bora na ni bei ndogo.

Cha kula kabla ya mbio ndefu kifanyie majaribio Jumamosi hizi hizi, kiazi kitamu, ndizi mbivu mbili, mkate na chai ya rangi, saa mbili kabla. Kitakachokaa vizuri ndo hicho hicho utakula Moshi. Usiku wa kuamkia mbio kiburu, zile ndizi zilizochanganywa na maharage, na maharage yenyewe viache kabisa, kula wali au ndizi za kawaida, mapema.

Ratiba yenyewe hesabu kwa muda. Siku tatu za kukimbia kwa wiki zinakutosha, mbili za dakika thelathini mpaka arobaini na tano za mwendo wa wimbo, moja ndefu. Ile ndefu ugoko ukishatulia anza na saa moja na dakika kumi, mbio na kutembea, ongeza dakika kumi kwa wiki, na kila wiki ya tatu au ya nne ipunguze badala ya kuongeza. Kwa Kibosho usihesabu kilomita kabisa. Mwisho wa Januari uwe unakaa barabarani kama saa mbili na robo, mwanzoni mwa Februari saa mbili na nusu, hapo tosha, usitafute kilomita 21 zote mazoezini. Wiki mbili za mwisho punguza kila kitu na ulale. Siku yenyewe anza nyuma ya watu wengi, panda unaitikia, na kumbuka unaporudi chini jua litakuwa limeshawaka, Februari Moshi ni moto, kwa hiyo bakiza nguvu na umwagie maji kichwani kwenye kila meza.

Sasa 21 au 5. Usiamue leo. Bado una miezi mitatu na ulicho nacho mwilini ni kizuri kuliko unavyojiona. Amua mwisho wa Januari kwa mambo mawili tu, ugoko hauumi ukitembea wala ukikimbia, na zile saa mbili na robo umezifanya ukaamka kesho yake ukaenda kazini vizuri. Yote mawili yakiwa ndiyo, nenda 21 bila kuuliza mtu. Moja likiwa hapana, omba waandaaji wakuhamishie 5, na mwakani tutaanza mapema.

Ukimaliza lile jaribio la kidole kwenye ugoko niandikie umepata nini. Na ukishafanya mteremko wa kwanza Kibosho, niambie mapaja yalikuwaje siku ya pili na ya tatu, hiyo ndo itanionyesha tuweke vilima vingapi Kinyerezi.